Busha la Mjomba Limeandikwa Wapi?

Kimya changu kilikuwa kirefu, najua, na wapo walioanza kuuliza kama nimeweka kalamu chini. Sijaiweka. Nilikuwa kusini, kwetu, nikila korosho za kuchoma na kusikiliza wakubwa. Nimerudi mjini na jambo moja ambalo limenikaa kooni, na leo nalitoa.

Jambo lenyewe ni la wanaume, na ni la sehemu ile ambayo wanaume tukiitaja ama tunashusha sauti ama tunaangua kicheko. Wewe uliye ofisini, unayesoma huku bosi akipita nyuma ya kiti chako, usiwe na wasiwasi. Hapa hakuna picha. Nataka tuzungumzie karatasi tu.

Swali langu ni hili. Mwanaume akiugua viungo vyake vya uzazi, akatibiwa, akapona, habari hiyo inaandikwa wapi? Na miaka kumi baadaye, daktari mwingine akiihitaji, ataikuta wapi?

Unaweza kuliona dogo. Nami naomba unipe muda nikueleze kwa nini si dogo.

Kwa wasiopajua, Nanganga ni njia panda. Ukitoka Lindi au Mtwara ukaishika barabara ya Masasi pale Mnazi Mmoja, unapita Mtama, unapita Nyangao, kisha unaingia Nanganga. Ukinyoosha unakwenda Ndanda na Masasi. Ukikata kulia unakwenda Ruangwa, na ukiendelea mbele unatokea Nachingwea. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wote wanakutana huko, na kila basi lina mtu wake.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Nanganga. Hospitali anazo kila upande: ya misheni Nyangao, ya misheni Ndanda, za serikali Ruangwa na Nachingwea. Nyangao iko mkoa wa Lindi, Ndanda iko mkoa wa Mtwara. Mtu mmoja anaweza kutibiwa homa kwenye zahanati ya kijiji, akang'olewa jino huku, akafungwa mguu kule, na mwakani akalazwa kwingine kabisa, kwa sababu siku hiyo gari lililopita lilikuwa la upande huo. Ni baraka. Lakini maisha yake ya ugonjwa yanakuwa yametawanyika vipande vipande, na anayeviunganisha ni yeye mwenyewe.

Anaviunganisha kwa nini? Kwa daftari. Mnalijua. Daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Unalinunua dukani, unaandika jina lako pale palipoandikwa "Jina", pale penye "Somo" unaacha wazi, unakwenda nalo kwa daktari. Siku hizi hospitali nyingi za serikali zina kompyuta na mfumo wa GoT-HoMIS, na ni jambo la kushukuru. Lakini operesheni iliyoandikwa kwa peni mwaka 2009 haikuingia kwenye kompyuta yenyewe.

Nimeutaja mwaka 2009 kwa makusudi.

Mwaka huo mjomba wangu alipasuliwa busha. Ni mdogo wa mama yangu, na kwa Wamwera mjomba si mtu wa kuchezea, maana ukoo tunauhesabu kwa mama. Ndiyo maana nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kuandika. Alifikiri kidogo, akasema: "Andika, mpwa wangu. Ila jina langu liache. Nanganga ina wajomba wengi."

Busha lilimwanza mwaka 2003, akiwa bado kijana. Kwanza aliacha mpira. Kisha akaacha baiskeli. Kisha akaanza kuvaa kanzu hata siku zisizo Ijumaa, na watu wakadhani ameshika dini. Mke wake wa kwanza, aliyemzalia watoto wawili, akarudi kwao. Mwaka 2009, akiwa mbali na nyumbani katika vibarua, akaingia hospitali moja (jina naliweka kapuni), akapasuliwa, akapona. Anasema siku aliyopanda tena baiskeli alizunguka kijiji mara mbili bila kuwa na safari.

Hospitali ilimwandikia kwenye daftari lake: tarehe, upande, aina ya upasuaji, dawa. Ukurasa mmoja na nusu. Nikamwuliza, daftari hilo liko wapi? Akacheka mpaka akakohoa. Lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe, mwanawe wa pili alikuwa darasa la tatu, na mwalimu alitaka daftari la hesabu. Zile kurasa zenye mwandiko wa daktari zilichanwa, zikafungiwa karanga.

Mpaka hapo ni kichekesho. Kinachofuata si kichekesho.

Mwaka 2013 mjomba alioa tena. Mwaka ukapita, miwili ikapita, hakuna mimba. Kuanzia 2015 mkewe akaanza safari. Vituo vinne vya afya, na waganga watatu katikati. Kila alikokwenda aliulizwa: umepata hedhi ukiwa na miaka mingapi? Siku zako zinakwenda vizuri? Umewahi kushika mimba? Imewahi kutoka? Umetumia dawa za kupanga uzazi? Alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha ya kizazi, akasafiri mbali kupimwa mirija. Bahasha yake ilinenepa mpaka ikafungwa kwa kamba.

Na mjomba? Mjomba aliulizwa swali moja, mlangoni, amesimama: "Wewe una watoto?" Akajibu: "Ninao wawili." Basi. Peni ikarudi kwa mke.

Hawakumdanganya mtu. Alikuwa nao wawili kweli. Lakini walizaliwa mwaka 1999 na 2002, kabla ya busha. Kati ya watoto hao na siku ile ya mlangoni kulikuwa na miaka sita ya ugonjwa na siku moja ya kisu, na hakuna karatasi yoyote mezani iliyosema hivyo.

Mwaka 2021 wakakutana na tabibu mmoja kijana. Huyu alimtoa mke nje kwa heshima, akafunga mlango, akasema: "Shikamoo baba. Naomba nikuulize ya kiume. Umewahi kuvimba korodani? Umewahi kupasuliwa busha au ngiri?" Mjomba anasema alishtuka kusikia neno busha likitajwa kwa jina, bila kuzungushwa, na kijana wa rika la wanawe. Akajibu ndiyo. Akapelekwa kupimwa mbegu. Zikakutwa chache mno. Vipimo vya mke vilikuwa safi, kama vilivyokuwa safi tangu mwanzo.

Tabibu hakusema kwamba busha ndilo sababu. Alikuwa mwaminifu. Ingeweza kuwa ugonjwa wenyewe, ingeweza kuwa upasuaji, ingeweza kuwa jambo jingine kabisa, na kumbukumbu ambayo labda ingetoa mwanga ilishafungia karanga miaka mingi. Alichosema ni kwamba kipimo cha mume ni rahisi, hakina kisu wala sindano, na kingefanywa mwaka wa kwanza kama kungekuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa. Kwa wanandoa wanaotafuta mtoto bila kupata, upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya matukio yote, peke yake au pamoja na upande wa mwanamke. Hilo si siri ya madaktari bingwa, lipo katika vitabu vya wanafunzi.

Nilizungumza na mkaza mjomba pia. Sasa ana miaka arobaini na kitu. Aliniambia neno moja tu, huku akipembua kunde: "Miaka sita nimekunywa mizizi ya ugonjwa usio wangu."

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye walipata mtoto. Hawajapata.

Tulitazame sasa busha lenyewe, maana ukanda wetu wote wa pwani unalijua na wengi hatulielewi. Kwetu utasikia kwamba linaletwa na madafu. Utasikia ni baridi, ni kubeba mizigo mizito, ni kurogwa. Ukweli ni mbu. Mbu anayemwuma mtu mwenye vijidudu vya ugonjwa huu anavibeba na kumpelekea mwingine. Vikikomaa vinakuwa minyoo myembamba kama uzi, ambayo wataalamu wanaiita Wuchereria bancrofti, nayo hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka sita hadi minane. Mishipa inapanuka na kuharibika. Mguu ukivimba tunaita tende. Maji yakijaa kwenye mfuko wa korodani tunaita busha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume milioni 25 duniani wana mabusha yatokanayo na ugonjwa huu, na watu zaidi ya milioni 15 wana matende. Kwa hiyo mabusha ni mengi kuliko matende. Lakini tende unaliona barabarani, na busha limo ndani ya kanzu.

Tanzania haikulala. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, Zanzibar nayo ikaanza kugawa dawa visiwani kote mwaka 2001. Aliyeuongoza mpango huo kwa miaka mingi ni marehemu Dk. Mwele Malecela, mwanasayansi wetu wa NIMR, aliyekwenda baadaye kushika idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko Geneva, na akafariki Februari 2022. Watu wa pwani wamemeza vidonge mwaka hadi mwaka. Vidonge vinazuia maambukizi mapya. Havilipunguzi busha ambalo limeshajaa maji. Hilo dawa yake ni upasuaji.

Na hapa ndipo karatasi inaporudi. Shirika la Afya Duniani halikubali nchi iseme "tumemaliza" kwa kuonyesha tu kwamba watu wamemeza dawa na maambukizi yameshuka. Nchi inatakiwa pia ionyeshe wagonjwa wa matende na mabusha ni wangapi katika kila eneo, na ni vituo vipi vinavyowahudumia. Togo ilithibitishwa mwaka 2017, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Malawi, jirani zetu hawa, wakathibitishwa mwaka 2020. Sasa niambieni, utawahesabuje wanaume ambao hawajaulizwa? Na aliyepona utamtofautishaje na asiyewahi kuugua, kama wote wawili madaftari yao ni meupe?

Kuna tatizo jingine, nalo ni la lugha. Mwulize mzee wa kwetu alipasuliwa nini, atakujibu "mshipa". Mwingine atasema "ngiri". Mwingine "ngirimaji". Mwingine atasema "nilikuwa na shida kidogo huku chini" na kunyoosha kidevu. Ngiri ni utumbo unaposhuka kupita mahali palipolegea. Busha ni maji. Ni magonjwa mawili na upasuaji wa aina mbili. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ambayo madaktari duniani wameitumia kwa miongo, ile ya ICD-10, ngiri ya kinena iko chini ya K40 na busha liko chini ya N43. Ipo hata sehemu ya magonjwa yaliyopita: Z87.4 ni kwa aliyewahi kuugua mfumo wa mkojo na uzazi. Marekani katika toleo lao wameongeza namba ya peke yake kwa mwanaume, Z87.438, ya kusema tu kwamba mtu huyu zamani aliwahi kuugua viungo vya uzazi vya kiume.

Nilipoiona namba hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Kuna mahali duniani ambapo jana ya mwanaume ina namba yake. Kwetu haina hata mstari.

Mnaona ninatia chumvi? Hebu tuhesabu kadi. Mtanzania akizaliwa anapewa kadi ya kliniki: uzito, chanjo, vitamini A. Akiwa msichana, atapata kadi nyingine atakaposhika mimba, yenye mimba zake zote, zilizotoka, watoto walio hai, upasuaji wa uzazi. Katika vitabu vya MTUHA, vile vikubwa vya kituo cha afya, utakuta cha wajawazito, cha uzazi wa mpango, cha wodi ya wazazi, cha baada ya kujifungua. Ni haki yao, na kila mstari humo umeokoa mtu.

Akiwa mvulana, kadi inakoma anapomaliza chanjo. Baada ya hapo, kadi yake itakayofuata ni ya kifua kikuu akikipata, au ya kliniki ya VVU akiambukizwa. Asipopata hayo mawili, anakwenda na daftari la hesabu mpaka kaburini. Kwenye kadi ya mjamzito mwanaume anaonekana, ndiyo, lakini kama mwenza, tena zaidi kwa kipimo cha damu. Hata darasani, wanafunzi wa udaktari wanafundishwa kumwuliza mwanamke historia ya uzazi kama kichwa cha habari kinachojitegemea. Ya mwanaume imebanwa ndani ya swali la jumla: "Umewahi kuugua nini zamani?" Na sisi wote tunajua jibu la mwanaume wa Kitanzania kwa swali hilo. "Malaria tu."

Wala si busha peke yake. Kijana aliyepata matumbwitumbwi baada ya kubalehe na yakashuka kwenye korodani, anaweza kupungukiwa na mbegu baadaye. Aliyezaliwa na korodani moja ambayo haikushuka, hata kama alirekebishwa utotoni, yuko katika hatari kubwa kidogo ya saratani ya korodani ukubwani, na anatakiwa ajue kujichunguza. Aliyepata kisonono kisichotibiwa vizuri anaweza kubaki na kovu linaloziba njia ya mkojo, na siku akiwa hoi hajitambui, muuguzi akijaribu kumwekea mpira wa mkojo bila kujua, anaweza kumjeruhi. Aliyekojoa damu akiwa mtoto kwa sababu ya kichocho na akaambiwa na wenzake kwamba ndiyo kukua, ana jambo la kumweleza daktari akianza kuona damu tena uzeeni. Na ambaye baba yake au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume, naye hatari yake imepanda. Hiyo ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume wa nchi hii.

Yote hayo ni mambo ya jana. Na yote yanaamua daktari afanye nini leo.

Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, na nilipomweleza haya alinikatiza. "Wewe mwandishi unaongea ukiwa umekaa," akasema. "Njoo Jumatatu, foleni imefika kwenye mwembe, tabibu ni mmoja. Nitamwuliza kila mzee habari za korodani zake saa ngapi? Na mimi mwanamke, umri wa binti yake, atanijibu?" Ana haki. Kwetu kijana akipelekwa jandoni hufundishwa mengi, na mojawapo ni kwamba ya jandoni hayasemwi mbele ya wanawake. Mafunzo yale yana thamani yake, mimi si wa kuyabeza. Lakini mwanaume anayeweka siri hiyo mbele ya muuguzi anakuwa ameiweka pia mbele ya tiba.

Mshangao wangu ni mmoja. Tembea mjini, tazama nguzo za umeme na kuta za vituo vya mabasi. Nguvu za kiume, nguvu za kiume, nguvu za kiume, na namba ya simu ya mganga. Kuta zinaongea. Redioni wanaongea. Vijiweni tunaongea mpaka tunazidisha. Mahali pekee ambapo mwanaume hasemi kitu kuhusu sehemu hizo ni mbele ya mtu ambaye angeweza kumsaidia, mwenye peni mkononi.

Lakini nisimwonee mwanaume. Anayeficha si mjinga. Daftari lake linalala juu ya kabati pamoja na madaftari ya watoto. Likiwa dirishani linapokelewa, linapangwa juu ya mengine, na jina linaitwa kwa sauti. Mwaka 2022 nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika zile zinazoitwa nyeti. Ni hatua nzuri. Ila sheria haijui kwamba daftari limefungia karanga. Tukitaka mwanaume aseme, tumhakikishie kwanza kwamba akishasema, neno lake litakaa mahali penye mlango.

Kwa hiyo ninaona mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni la wanaouliza. Ulizeni kwa jina. "Umewahi kuugua nini?" ni salamu tu. "Umewahi kupasuliwa busha? Upande gani? Mwaka gani? Hospitali gani?" ndilo swali. Lichukue nusu dakika, mlango ukiwa umefungwa, na mke akiwa nje. Na wanandoa wakija kutafuta mtoto, fungueni kurasa mbili, si moja.

La pili ni la wanaotengeneza fomu na mifumo. Wekeni kichwa cha habari: historia ya uzazi ya mwanaume. Mistari mitano inatosha. Nafasi tupu yenye jina inamlazimisha mtu aulize, kama ile ya mimba zilizotoka inavyomlazimisha muuguzi amwulize mama.

La tatu ni letu, mimi na wewe tulio na simu mfukoni. Ukifanyiwa upasuaji, omba uandikiwe jina la upasuaji, upande, tarehe na dawa, kwa mwandiko unaosomeka. Piga picha ukurasa huo. Uhifadhi pale unapohifadhi namba yako ya NIDA na vyeti vyako vya shule. Na uwaulize wazee wako kabla hawajaondoka na habari zao. Najua, kumwuliza baba mzazi habari za busha ni kutafuta laana. Basi mtumie mwanao. Babu na mjukuu wanataniana, babu atamweleza mjukuu yale ambayo hajawahi kumweleza mtu, tena kwa kicheko. Wewe kaa upande wa pili wa ukuta na peni.

Tumezoea kusema ugonjwa ukipona umekwisha. Haukwishi. Usipoandikwa unaendelea kudai, na mara nyingi anayelipa si yule aliyeugua. Kwetu aliyelipa ni mwanamke mmoja anayepembua kunde, ambaye bahasha yake nene haikuwa na ugonjwa wowote ndani.

Tuishie hapo kwa leo. Panapo majaliwa, tutaonana.